UZI MREFU: Resident Evil ya Game Boy Color, gemu iliyozimwa ikiwa bado jikoni

#1 Mzee wa Kaseti

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimekaa nao kichwani miaka. Leo umeme upo, watoto wamelala, nauandika wote. Nataka tuongelee gemu moja tu: Resident Evil, ile gemu ya kutisha ya jumba lenye mazombi, katika toleo lililokuwa likitengenezwa kwa ajili ya Game Boy Color, ile mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo. Ilitangazwa mwaka 1999, picha zake zikatoka kwenye majarida ya gemu, na mwaka 2000 Capcom, kampuni ya Kijapani yenye gemu hii, wakaizima kabla haijafika dukani.

Kwanza niseme kwa nini inanihusu. Mwaka huohuo wa 1999, mtaani kwetu Tanga, kulikuwa na kibanda cha gemu chenye PlayStation mbili. Unatoa shilingi 200, unakaa nusu saa. Mwenye kibanda alikuwa na CD ya Resident Evil, lakini memori kadi hakuwa nayo. Kwa hiyo nusu saa ikiisha, safari yako imeishia hapo. Kesho unaanza upya palepale ukumbini, ngazi mbele yako, zulia jekundu chini. Mwaka mzima sikuwahi kulimaliza lile jumba. Lakini vyumba vyake vya mwanzo navijua kama nyumba ya bibi yangu: kushoto chumba cha kulia chenye meza ndefu na saa kubwa, kisha mlango, kisha ile korido finyu unapomkuta zombi wa kwanza ameinamia maiti, anageuza shingo taratibu kukutazama.

Miaka mingi baadaye nikapata faili la toleo hili lililouawa, nikalifungua kwenye simu. Ukumbi ukatokea kwa nukta kubwakubwa, rangi chache, ngazi imekatikakatika. Kidole changu kikamwelekeza Jill, mhusika unayemwongoza, kushoto kabla sijafikiri. Nilikuwa najua njia.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila kilichoandikwa juu ya gemu hii, na nimefika mahali nina msimamo wangu. Watu wengi wakiiona video yake wanacheka, wanasema ni wendawazimu kuingiza gemu ya CD kwenye kaseti ndogo. Mimi nasema vijana walioitengeneza walifanya kazi kubwa ambayo hawajawahi kushukuriwa, ila walibeba kitu ambacho hakikupaswa kubebwa. Nitaeleza ni kitu gani. Nipeni nafasi nishushe historia kwanza.

#2 Kijana wa Temeke

Shikamooni wakubwa. Naweka mkeka hapa. Mimi PS1 nimeikuta kwenye simulizi tu, Resident Evil nimeanzia na zile mpya. Tiririka mzee.

#3 Mzee wa Kaseti

Marahaba mdogo wangu. Kaa vizuri basi.

Resident Evil ilitoka Japani tarehe 22 Machi 1996 kwa jina la Biohazard, kwenye PlayStation. Aliyeiongoza ni Shinji Mikami. Nyuma yake alikuwapo mkubwa wake pale Capcom, Tokuro Fujiwara, na huyu Fujiwara ndiye ufunguo wa habari yote. Mwaka 1989 alikuwa ameongoza gemu iitwayo Sweet Home kwenye Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo ya biti 8: watu wamenaswa ndani ya jumba lenye mizimu, mizigo wanayoweza kubeba ni michache, barua na maandishi yametawanyika vyumbani, na ukifungua mlango unaonyeshwa ule mlango ukifunguka gizani. Resident Evil ilianza kama mpango wa kuitengeneza upya Sweet Home.

Shikeni hilo, nitalirudia: mzizi wa gemu hii uko kwenye mashine ya biti 8.

Sasa PlayStation. Ilikuwa na uwezo wa kuchora watu walioundwa kwa pembe tatu ndogondogo, lakini jumba zima lenye mapazia, vinara na mbao zilizochongwa lingeishinda nguvu. Wakachukua njia iliyokuwa imeonyeshwa na Alone in the Dark ya Wafaransa wa Infogrames mwaka 1992: kila kona ya chumba ni picha iliyochorwa tayari, imetulia, na Jill au mwenzake Chris, kutegemea umemchagua nani, wanatembea juu yake. Ukivuka mstari fulani, kamera inaruka, unaletewa picha nyingine.

Hapo ndipo hofu ilipozaliwa. Kamera iko juu darini inakutazama mgongoni, huoni mbele ya kona. Unasikia mtu anaburuta miguu. Yuko wapi? Risasi unazo saba. Begi la Jill lina nafasi 8, la Chris 6. Ukitaka kuhifadhi safari yako unatafuta taipureta, na taipureta inataka utepe wa wino, na tepe zinahesabika. Kila kitu kinakubana.

Gemu ikauza, ikaenda Sega Saturn, ikaenda kompyuta. Kisha Capcom wakaanza kuangalia upande wa Nintendo, ambako watoto wengi kuliko mahali pengine popote walikuwa na mashine mfukoni. Game Boy Color ilikuwa imetoka mwishoni mwa 1998. Kazi wakapewa HotGen, studio ya Uingereza.

Na HotGen hawakuchukua njia ya mkato. Hawakugeuza gemu iwe ya kutazamwa kutoka juu kama Pokémon. Waliamua kuleta jumba lilelile, vyumba vilevile, kamera zilezile zilizosimama, kona kwa kona.

#4 Fundi Saketi

Mkuu, hapo umegusa mahali pangu. Natengeneza vifaa vya elektroniki na jioni nachokonoa hizi mashine za zamani kwa kujifurahisha. Ngoja niwape wadau hesabu, maana bila hesabu mtu hawezi kuona ukubwa wa jambo.

Kioo cha Game Boy Color ni nukta 160 kwa 144. Mashine ile haichori nukta mojamoja unavyotaka. Inapanga vigae, kama fundi wa bafuni, kila kigae nukta 8 kwa 8. Gawanya: 20 kwa upana, 18 kwa urefu. Jumla vigae 360 kujaza kioo.

Gemu ya kawaida ya Game Boy hutumia vigae vilevile tena na tena. Majani ni kigae kimoja, ukuta kigae kimoja, unavirudiarudia, na kaseti ndogo inatosha dunia nzima. Picha ya chumba cha Resident Evil haina kurudia. Kila kigae ni cha kwake peke yake. Kigae kimoja ni baiti 16, kwa hiyo 360 ni baiti 5,760. Ongeza orodha ya kigae gani kikae wapi, baiti 360, na orodha ya rangi zake, 360 nyingine. Baiti 6,480 kwa picha moja kabla ya kubana. Picha 100 ni baiti 648,000. Na jumba lile lina kamera za kumwaga, chumba kimoja kinaweza kuwa na tano au sita.

Kaseti kubwa kabisa za mashine ile zilifika megabaiti 8. Lakini kaseti si CD. CD ni plastiki ya bei chee. Kaseti ina chipu, chipu ikiwa kubwa bei inapanda, na mchapishaji analipia kila kaseti kabla hajauza hata moja.

Bado rangi. Mandhari inaruhusiwa seti 8 za rangi 4. Kigae kimoja kinachagua seti moja tu. Sasa fikiria pale ukumbini, kona ambapo zulia jekundu linakutana na ukuta wa kahawia na kivuli cha nguzo. Ndani ya zile nukta 8 kwa 8 una rangi nne. Nyekundu mbili, kahawia moja, nyeusi moja? Basi nguzo imekosa. Mchoraji anakaa anaamua kipi kibaki kipi kife, kigae kwa kigae, mara 360, kisha picha inayofuata. Niliwahi kujaribu kwa picha moja ya sebule yangu. Ilinichukua Jumapili nzima na bado kochi liliungana na sakafu.

#5 Mzee wa Kaseti

Fundi, Mungu akuzidishie. Hili la kigae kwa kigae ndilo nililotaka watu walione. Hebu waeleze na habari ya wahusika, maana kwangu pale ndipo penye maajabu.

#6 Fundi Saketi

Wahusika ni mlima mwingine. Kwenye PlayStation Jill akienda mbali na kamera anakuwa mdogo, mashine inafanya yenyewe. Game Boy Color haina kitu hicho. Haijui kukuza wala kupunguza. Lakini ukiangalia toleo la HotGen, Jill anapungua kweli akielekea mwisho wa korido, anakua akirudi. Maana yake prosesa ya biti 8, inayokwenda kama megahezi 8 ikikimbizwa kasi yake yote, inakaa inahesabu upya umbo lake na kuliandika upya kwenye kumbukumbu ya picha huku gemu ikiendelea. Kumbukumbu ya kazi ni kilobaiti 32. PlayStation ilikuwa na megabaiti 2.

Halafu kuna sheria ya mstari. Vipande vinavyotembea juu ya mandhari, mashine inakubali 40 kioo kizima, na visizidi 10 kwenye mstari mmoja wa mlalo. Kipande kina upana wa nukta 8. Tuseme mtu akiwa karibu anahitaji vitatu kwa upana. Jill vitatu, zombi vitatu, zombi wa pili vitatu, hapo ni tisa. Akija zombi wa tatu akasimama sambamba nao, mnafika 12, na viwili havitachorwa. Mtu atakatika ubavu. Kwa hiyo kila chumba lazima upange mazombi ukiwa na sheria hii kichwani.

Aliyeandika programu ile nampa mkono.

#7 Binti Chumbageni

Habari zenu wote. Kaka Mzee wa Kaseti, kwanza nimefurahi kusikia Tanga, na hicho kibanda kama ndicho ninachokidhania, na mimi nilikuwa nachungulia dirishani kwa sababu wasichana hawakuwa wakiachiwa pedi ya kuchezea.

Nakubali juhudi yao. Lakini juhudi na uamuzi sahihi ni vitu viwili. Mwaka uleule wa 2000 Konami walikuwa na tatizo lilelile. Metal Gear Solid ilikuwa gemu ya CD, yenye sauti, yenye sinema ndani yake, na walitaka kuileta Game Boy Color. Walifanya nini? Hawakuibeba. Walikaa wakatunga hadithi mpya, kamera juu, ramani ya vigae vinavyorudiwa, wakachukua kilicho moyoni mwa gemu, yaani kujificha na kuvizia, wakaacha mengine yote. Ikatoka, na mpaka leo inahesabiwa kati ya gemu bora za mashine ile.

HotGen wangefanya vivyo hivyo tungekuwa tunaongelea gemu iliyouzwa. Na hiyo Sweet Home uliyoitaja mwenyewe ilitazamwa kutoka juu, kwenye biti 8, na ilitisha. Njia ilikuwa imeshachongwa na Capcom wenyewe miaka kumi nyuma.

#8 Mzee wa Kaseti

Dada yangu, umefika hasa pale nilipokuwa naelekea, na kwa sehemu kubwa niko nawe. Ila sikubali kuliweka begani kwa HotGen peke yao. Studio inayopewa kazi na kampuni kubwa inafanya ilichoagizwa, na dunia ya gemu ilikuwa imejaa imani kwamba gemu ikihamishwa lazima ifanane na mama yake. Mnunuzi alikuwa anageuza boksi, anatazama picha za nyuma. Akikuta picha zinafanana na za PlayStation, anatoa hela.

Sasa niseme kile kitu ambacho hakikupaswa kubebwa. Ni kamera.

Nimecheza toleo lile mara nyingi. Ukiwa ukumbini, kamera iko karibu, unaona mtu. Ingia sehemu ambapo kamera imewekwa mbali, mwisho wa korido. Jill anakuwa nukta chache tu zilizosimama. Zombi naye nukta chache zinazosogea. Unanyanyua bastola, unapiga, hujui umelenga au hujalenga, hujui kama hizo nukta zinakutazama au zimekupa mgongo. Kwenye TV ya kibanda kamera ile ilikuwa inanificha zombi kwa makusudi, na nikawa naogopa. Hapa kioo ndicho kinanificha, bila makusudi, na ninachoona ni usumbufu. Nakosa risasi si kwa sababu nilipaniki, ni kwa sababu sikuona.

PlayStation ilichukua kamera iliyosimama ili kukwepa udhaifu wake, na udhaifu ukageuka nguvu. Kuipeleka dawa ile kwa mgonjwa mwingine, mwenye ugonjwa tofauti, ndiko kulikokosea. Na gharama yake mmeona hesabu ya Fundi: kaseti yote imeliwa na picha.

Wakati vitu vilivyokuwa vinatutia hofu kweli havigharimu kitu. Risasi saba ni tarakimu. Begi la nafasi 6 ni orodha. Utepe wa wino ni tarakimu nyingine. Mlango unaofunguka gizani ulikuwa kwenye Famicom mwaka 1989.

#9 Kijana wa Temeke

Mzee samahani, hilo la mlango nilitaka kuuliza. Nilisoma mahali kwamba ile milango inayofunguka polepole kwenye PS1 iliwekwa ili CD ipate muda wa kusoma chumba kinachofuata. Kwenye kaseti hakuna kusubiri hivyo. Sasa kwa nini kwenye hii ya Game Boy Color bado ipo?

#10 Mzee wa Kaseti

Swali zuri sana hilo. Ni kweli, kwenye PlayStation mlango ulikuwa unaficha kazi ya CD. Lakini haukuzaliwa hapo, umeuona kwenye Sweet Home ambayo ilikuwa ya kaseti. Sisi pale kibandani tulikuwa tunanyamaza mlango ukifunguka. Watu sita nyuma ya mchezaji mmoja, wote kimya, hata muuza karanga akisimama mlangoni ananyamaza. Kitasa kinazunguka, bawaba zinalia, giza. HotGen waliuacha, na kati ya vyote walivyobeba huo ndio uliofika salama. Kwenye kile kioo kidogo, mlango ukijaza nukta zote 160 kwa 144, unaonekana mkubwa.

#11 Fundi Saketi

Naomba niunge mkono hoja ya kamera kwa ushahidi wa baadaye.

Baada ya kuizima hii, Capcom walitoa Resident Evil Gaiden kwenye mashine hiyohiyo, imetengenezwa na studio nyingine ya Uingereza iitwayo M4, ikafika Ulaya mwishoni mwa 2001. Humo unatembea ukitazamwa kutoka juu. Zombi akikukaribia kioo kinabadilika, unamwona ana kwa ana, na kuna alama inakwenda kulia na kushoto, unapiga ikifika katikati.

Mwaka huohuo 2001 ikatoka Alone in the Dark: The New Nightmare ya Game Boy Color, kazi ya Pocket Studios. Hawa walithubutu kubeba picha zilizochorwa tayari, na ni nzuri kupita maelezo, ukiziona huamini ni mashine ile. Lakini vita ikianza, wanakutoa kwenye picha wanakupeleka kwenye kioo kingine kabisa cha kupigana.

Mnaona? Studio mbili, zinafanya kazi mbalimbali, zote zimetenganisha kutembea na kupigana. Kila mmoja aligundua kwamba mtu wa nukta chache hawezi kulenga mtu mwingine wa nukta chache juu ya picha iliyojaa mapazia. HotGen walitangulia, wao ndio waliogonga ukuta kwa kichwa ili wengine wajue ukuta upo.

#12 Binti Chumbageni

Fundi, hiyo ya Alone in the Dark inanipa shida kidogo kwenye hoja yangu, nakiri. Wao walibeba picha na wakatoka. Kwa hiyo si kwamba picha zilikuwa haziwezekani. Basi nibadilishe kauli: wangeweza kubaki na picha kwa ajili ya kutembea na kutazama, wakatafuta namna nyingine ya kupigana. Miezi michache ya fikra mpya ingeliokoa jumba lile.

Lakini nauliza jambo jingine. Resident Evil 2 ilihamia Nintendo 64 mwaka 1999, CD mbili zikaingia kwenye kaseti moja ya megabaiti 64, pamoja na sinema zake. Angel Studios wa California waliifanya kazi hiyo na Capcom wakaitoa. Kwa nini wale walivumiliwa na hawa hawakuvumiliwa?

#13 Mzee wa Kaseti

Dada, Nintendo 64 ilikuwa na prosesa ya zaidi ya megahezi 90 na inajua kuchora pembe tatu yenyewe. Kazi ya Angel Studios ilikuwa kubana: picha zibanwe, sauti zibanwe, sinema zibanwe mpaka ziingie. Kazi ngumu mno, naivulia kofia, lakini ukishamaliza kubana, gemu inayotoka ni ileile na mchezaji anaona alichokuwa anakiona. Hawa wa Game Boy Color hata wangebana vipi, kioo hakibaniki. Sauti za watu hawana, wameweka maandishi. Vitufe ni A, B, Start, Select na msalaba, basi.

Na Capcom waliliangalia hilo. Maelezo yao ya kusitisha yalikuwa mafupi: hawakuwa na uhakika kwamba bidhaa ile ingewaridhisha wanunuzi na wao wenyewe. Mwanzoni kauli hiyo ilinikera, niliona ni ya watu wa ofisini. Siku hizi naielewa. Mtoto amenunuliwa kaseti kwa hela ya mwaka mzima, anaenda nayo kitandani, anapiga risasi haoni anapopiga. Angeichukia Resident Evil maisha yake yote. Kwenye hilo la kutoiuza, nasimama na Capcom.

Nisichokubali ni kuiacha ipotee.

#14 Kijana wa Temeke

Sasa ilipatikanaje mzee kama haikuuzwa?

#15 Mzee wa Kaseti

Ndiyo sehemu ya mwisho niliyokuwa nimeiweka.

Studio ikitengeneza gemu, inatoa kaseti za majaribio. Zinakwenda kwa wakubwa, kwa wakaguzi, kwa waandishi. Gemu ikiuawa, kaseti zinabaki kwenye makabati ya watu. Miaka zaidi ya kumi ikapita. Kisha mtu mmoja aliyekuwa nayo akajitokeza akasema ataiachia faili lake wapenzi wakimchangia dola 2,000. Watu wakagawanyika. Wengine walisema huo ni utekaji nyara, wengine wakasema heri tutoe kuliko betri ya maisha ya mtu huyu iishe na kaseti itupwe. Wakachanga. Mwanzoni mwa 2012 gemu ikatoka hadharani.

Haikuwa imekamilika. Jumba lilikuwapo, vyumba vilikuwapo, unaweza kuzunguka sana, lakini kuimaliza ilivyo haikuwezekana. Wapenzi wakaanza kuifungua ndani na kuchokonoa. Ikabaki hivyo miaka mingine kadhaa, mpaka mwanzoni mwa 2025, Games That Weren't, mradi wa Waingereza unaohifadhi gemu ambazo hazikutoka, wakaleta toleo la baadaye zaidi, lililoiva zaidi. Safari hii halikuombewa hela.

Kaseti zina tabia ya kufa, wakuu. Chipu za majaribio ni zile zinazoandikwa na kufutwa, na data yake inavuja taratibu kadiri miaka inavyokwenda. Kila mwaka kaseti ya aina hiyo inapokaa kwenye droo bila kunakiliwa ni mwaka wa kamari. Tumebahatika kwamba kuna mtu alifungua droo yake.

#16 Fundi Saketi

Nathibitisha hilo la chipu. Zile za aina ya kufutwa kwa mwanga zina kidirisha cha kioo juu, na mafundi huzibandika karatasi ili mwanga usiingie. Karatasi ikibanduka na kaseti ikakaa juani, umeipoteza. Nimewahi kushika chipu ya hivyo ya kifaa kingine cha zamani, nusu ya data ilikuwa imeshageuka.

#17 Binti Chumbageni

Kwa wanaotaka kuona ndoto ikitimia, Capcom waliileta Resident Evil nzima mfukoni mwaka 2006, kwenye Nintendo DS, kwa jina la Deadly Silence, kuadhimisha miaka 10. Kamera zilezile, jumba lilelile, na kioo cha kutosha kuona. Niliinunua iliyotumika nikiwa chuoni. Pedi ya kwanza ya Resident Evil niliyoishika mikononi mwangu mwenyewe ilikuwa hiyo. Nilipofika kwenye chumba cha piano, Jill alikaa akapiga, na mimi nilikuwa nimekumbuka wimbo ule kutoka dirishani.

Kaka, mwenye kibanda aliyekuwa anatufukuza dirishani alikuwa mrefu, anavaa kofia ya kufuma?

#18 Mzee wa Kaseti

Kofia ya kufuma, rangi ya kijani. Ndiye huyo. Basi tulikuwa chumba kimoja, dada yangu, mimi ndani wewe nje. Nisamehe kwa niaba ya waliokuwa wamekaa. Tungeweza kusogea.

#19 Binti Chumbageni

Yamepita hayo. Nilikuwa naona vizuri kuliko wa nyuma yako.

#20 Kijana wa Temeke

Wakubwa, nimelipata lile toleo la 2025, naicheza tangu saa tatu usiku. Nimezima taa.

Nawapa ripoti ya mtu ambaye hana kumbukumbu ya PS1. Ukumbini sikuogopa, niliona ni picha ya zamani. Kupigana kweli ni shida, mzee hukutia chumvi. Nimepoteza risasi nne kwa zombi mmoja, na nilidhani kivuli cha meza ni zombi wa pili. Sasa hivi afya yangu iko chini, risasi zimebaki mbili, begi limejaa na sijui niache nini.

Nimesimama mbele ya mlango, sijui upande wa pili kuna nini. Nimebonyeza mara moja, ukaanza kufunguka, nimesitisha gemu nije kuandika hapa. Mzee, nyuma ya mlango wa kwanza kulia ghorofa ya juu kuna nini? Au usiniambie.

#21 Mzee wa Kaseti

Sikuambii. Fungua.